Bonde Letu na Alama Zake: Habari za Mashamba ya Mifugo, toka Mai Mahiu hata Njoro



Mara nyingi tumesikia watoto wakiulizana njiani, "Mlima ule waitwaje? Shamba hili lilikuwa la nani?" Na majibu wapewayo ni mafupi. Mmoja huambiwa, "Lilikuwa la Wamasai." Mwingine huambiwa, "Lilikuwa la Mzungu." Wa tatu huambiwa, "Babu yako alilinunua kwa jasho lake." Majibu hayo yote matatu yaweza kuwa ya kweli, lakini kila moja ni kipande tu cha habari, na kipande kikishikwa kana kwamba ndicho habari nzima, huzaa ugomvi. Bonde letu limekwisha kuona ugomvi wa namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, watu waliuawa Naivasha na Nakuru, na wengine wengi wakafukuzwa katika nyumba zao, na swali mojawapo lililokuwa vinywani mwa watu lilikuwa hilo hilo: nchi hii ni ya nani?

Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema kuzieleza habari za bonde kwa taratibu, tangu mteremko wa Mai Mahiu, kupita Naivasha na Elmenteita, hata Nakuru na Njoro. Tutazifuata alama zinazoonekana kwa macho, yaani milima, mawe, reli, mashamba makubwa na majengo, ili mwalimu aweze kuwaonyesha watoto kwa kidole, na mzazi aweze kuwajibu watoto wake bila kubahatisha.

MTEREMKO NA KANISA DOGO

Msafiri atokaye Nairobi akifika ukingoni mwa Bonde la Ufa huiona nchi yote imelala chini yake kama mkeka uliotandikwa. Barabara ishukayo huko ilitengenezwa na mateka wa Kiitalia, askari walioshindwa na Waingereza katika vita vya Ethiopia, wakaletwa Kenya kufanya kazi. Mwaka wa 1942 mateka hao walijenga kanisa kando ya barabara, karibu na mwisho wa mteremko. Ni dogo mno, hata watu kumi na wawili wakiingia limejaa. Na mpaka leo linasimama, na magari yanapita mbele yake mchana na usiku. Waliolijenga walikuwa mbali na kwao, hawakujua kama watarudi. Ni alama ya kwanza ya bonde kwa ashukaye, nayo ilijengwa na watu ambao hawakuwa na hati ya hata shubiri moja ya nchi hii.

Chini ya kanisa ndiko Mai Mahiu. Jina hilo ni la Kikuyu, maana yake ni maji ya moto. Lakini ukiinua macho kidogo unauona mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, na jina lake ni la Kimasai, lenye maana ya mlima wa matuta mengi makali. Kila aliyewahi kuupanda anajua kwamba jina hilo halikutolewa bure. Basi mtoto na aangalie: kabla hajaenda mbali amekwisha kukuta majina ya lugha mbili, na kila lugha inashuhudia kwamba wenyewe walikuwapo.

Upande wa kusini wa mlima huo ni bonde la Kedong, ambako mwaka wa 1895 lilitokea jambo la kuhuzunisha. Msafara mkubwa wa wapagazi wa Kiswahili na Kikuyu ulikuwa unarudi kutoka Ravine, ulikokuwa umepeleka vyakula vya Serikali. Watu wa msafara waliwachokoza Wamasai kwa kuwakamata wasichana na kutaka ng'ombe, nao Wamasai wakawaangukia, wakaua watu kwa mamia. Mfanyabiashara mmoja wa Kiskoti, jina lake Andrew Dick, aliyekuwa karibu, akaenda kuwalipizia kisasi. Akaua wengi, mwisho akauawa yeye mwenyewe. Serikali ilipochunguza habari iliona ya kuwa Wamasai walichokozwa, wala haikuwapiga vita. Tumelitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha kwamba Waswahili wa pwani walijuana na bonde hili kabla ya masetla. Misafara yao ya pembe ilipita humu zamani, na lugha hii tunayoandikia ilipanda huku mabegani mwa wapagazi.

MAJINA YALIYODUMU

Majina mengi ya bonde ni ya Kimasai, ijapokuwa Wazungu waliyaandika kwa kadiri masikio yao yalivyosikia. Naivasha latokana na neno lenye maana ya maji yanayochafuka. Na mvuvi yeyote wa ziwa lile ajua kwamba asubuhi maji hutulia kama maziwa katika kibuyu, na alasiri upepo ukivuma mawimbi huinuka ghafula. Elmenteita na Nakuru, majina yote mawili huelezwa kuwa mahali pa vumbi. Olkaria ni mahali pa udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Menengai, ule mlima wenye shimo kubwa la volkano juu ya mji wa Nakuru, huelezwa kuwa mahali pa maiti, kwa ukumbusho wa vita vya zamani vilivyopiganwa baina ya Wamasai wenyewe kwa wenyewe.

Tena kuna kilima kimoja karibu na ziwa Elmenteita ambacho kina majina mawili. Ukikitazama kwa mbali ni kama mtu aliyelala chali, uso wake juu. Wamasai walikiita morani aliyelala. Masetla walipokuja wakakiita Pua ya Delamere, kwa jina la Bwana mwenye shamba lile. Kilima ni kimoja, hakikusogea wala hakikubadilika, wamebadilika watazamaji. Hapo mwalimu apata somo zima bila kufungua kitabu.

MAWE YA KALE

Wapo wasemao kwamba nchi hii ilianza na Wamasai. Wengine husema ilianza na reli. Mawe yanakana habari zote mbili.

Mahali paitwapo Kariandusi, karibu na Elmenteita, Dakta Louis Leakey alivumbua mwaka wa 1928 shoka nyingi za mawe. Nyingine zimechongwa katika jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo ni la volkano. Wataalamu wanazihesabia umri wa miaka laki nyingi. Karibu na hapo kuna machimbo ya udongo mweupe mwepesi, ambao si udongo wa kawaida bali ni magamba ya vimea vidogo sana vilivyoishi ndani ya maji. Maana yake ni kwamba pale penye vumbi leo palikuwa chini ya ziwa zamani.

Karibu na mji wa Nakuru kiko Kilima cha Pimbi, ambacho Wazungu walikiita Hyrax Hill. Bibi Mary Leakey alichimba hapo katika miaka ya 1937 na 1938, akaona makaburi ya kale na vyombo vya mawe, pamoja na mashimo ya duara ambayo watu wafugao ng'ombe walijengea boma zao. Wafugaji hao wa mashimo huitwa Wasirikwa, nao walikuwako kabla ya Wamasai kushika malisho haya. Wataalamu wengi wawahesabu kuwa na ujamaa na mababu wa Wakalenjin. Na juu ya mwamba wenyewe yamechongwa mashimo ya mchezo wa bao, safu kwa safu, kama yale ambayo wazee wachezea hata leo. Watoto wakifikishwa hapo hufurahi sana, kwa sababu wanaona kwamba watu wa kale hawakuwa watu wa makaburi tu, bali walikaa wakacheza na kucheka kama sisi.

Basi, kabla ya Wamasai walikuwako wengine, na kabla ya hao wengine tena. Neno hili halipunguzi haki ya mtu awaye yote, bali lamfundisha kila mmoja adabu.

NCHI YA MALISHO

Hata hivyo, ni kweli kwamba katika karne iliyopita kabla ya reli, Wamasai ndio waliokuwa na bonde. Malisho yake ni mazuri, na maji yapo Naivasha. Wakati wa ukame walipandisha ng'ombe vilimani, wakati wa mvua wakawateremsha. Nguvu zao zilijulikana mbali. Mwaka wa 1883 Mjerumani Gustav Fischer alifika karibu na Naivasha, akazuiwa asiendelee, akarudi. Mnara wa mwamba ulio kwenye lango la korongo la Hell's Gate unaitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo Mskoti Joseph Thomson alipita, lakini kwa kulipa hongo nyingi na kwa uvumilivu.

Kisha mambo yakabadilika kwa upesi sana. Karibu na mwaka wa 1890 ugonjwa wa sotoka ulishuka kutoka kaskazini ukaua ng'ombe karibu wote. Kisha ndui ikaua watu. Na njaa na vita vya wao kwa wao vikafuata. Wazungu wa kwanza waliokuja kutafuta mashamba waliona majani marefu bila ng'ombe, wakaandika kwamba nchi ni tupu. Lakini nyumba ambayo wenyewe wako hospitali si nyumba isiyo na wenyewe. Kosa hili dogo la macho ndilo lililozaa mambo makubwa yaliyofuata, na kwa hiyo walimu walieleze polepole mpaka mtoto alielewe.

Tarehe 10 Agosti 1904 Serikali ilifanya mapatano na wakuu wa Wamasai, Olonana akiwa mmoja wao. Wamasai waliondoka katika bonde la kati ili lipewe masetla, wakapewa nchi mbili, moja ya kusini na nyingine Laikipia. Ahadi iliandikwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu taifa la Wamasai lipo. Lakini mwaka wa 1911 yakafanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhama tena kwenda kusini. Watu na wanyama wakafa njiani. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani mwaka wa 1913 pamoja na mawakili. Mahakama ikakataa kesi, ikisema kwamba yale yalikuwa mapatano ya taifa na taifa, hivyo hayakuwa na mwamuzi katika mahakama za nchi.

Ahadi iliyoandikwa kuwa ya kudumu iliishi miaka 7. Na mwaka wa 1915 ikatoka sheria ya ardhi iliyowapa masetla hati za miaka 999. Tunaziweka hesabu hizi mbili kando kwa kando, wala hatuongezi neno. Kila mwanafunzi ajuaye kutoa na kujumlisha ataona mwenyewe.

RELI NA SHAMBA LA DELAMERE

Twaweza kuuliza, kwa nini Serikali ilitaka masetla? Sababu mojawapo ni reli. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikajengwa na Wahindi zaidi ya 30,000 pamoja na Waafrika. Ilipofika ukingoni mwa bonde, mteremko ulikuwa mkali mno, hata kwa muda mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha. Mwaka wa 1900 garimoshi lilifika Naivasha na Nakuru, na mwaka wa 1901 reli ikafika ziwa Victoria. Gharama zake zilipita paundi milioni 5, na mizigo ya kuzirudisha fedha hizo haikuwako. Serikali ikaona dawa ni kuwaita wakulima kutoka ng'ambo.

Mkubwa wao katika bonde hili alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu. Mara ya kwanza alifika Kenya mwaka wa 1897, akitokea nchi ya Wasomali na ngamia zake. Baadaye akarudi kukaa, akapewa Njoro eka 100,000 kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ambayo haikuzidi nusu peni kwa eka moja kila mwaka. Shamba hilo likaitwa Equator Ranch.

Hapo kuna habari ambayo wafugaji wataipenda. Delamere alileta madume na kondoo wa thamani kutoka ng'ambo, akawaweka katika majani mazuri ya Njoro. Wakadhoofu na kufa. Majani yalikuwa mengi, lakini udongo ulikosa madini ambayo mwili wa mnyama wayahitaji. Wamasai walikuwa wakijua hayo, si kwa chuo bali kwa mazoea ya mababu. Hawakupenda kukaa huko na ng'ombe wao kwa muda mrefu. Mtu aliyedhani nchi ni tupu hakuwa na wa kumwuliza kwa nini majani yale hayakuliwa. Ndigana na magonjwa mengine yakamaliza wengi waliobaki.

Akageukia ngano. Kutu ikaiharibu. Delamere hakukata tamaa. Aliajiri mtaalamu, akajaribu mbegu baada ya mbegu mpaka zikapatikana zilizoweza kusimama. Mwaka wa 1908 alianzisha kiwanda cha kusaga, akakiita kwa neno la Kiswahili, Unga. Na jina hilo lipo madukani hata sasa. Mwaka wa 1927 Serikali ikaweka Njoro kituo cha kuzalisha mbegu za ngano, na kazi hiyo inaendelea huko hata leo.

Mifugo yake akaihamishia Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, jina la Kimasai lenye maana ya mwamba wa madoadoa. Huko ng'ombe na kondoo wakastawi, na wachungaji aliowaajiri walikuwa Wamasai, kwa kuwa aliupenda ujuzi wao na kusema lugha yao. Lakini katika siasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa masetla waliotaka nchi za juu ziwe za Wazungu peke yao. Yote mawili ni habari za mtu mmoja, na mwandishi wa kweli hafichi moja ili lingine ling'are. Alikufa mwaka wa 1931, akazikwa Soysambu. Sanamu yake ilisimama Nairobi katika barabara iliyoitwa kwa jina lake, mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1963. Ndipo barabara ikaitwa Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu, akitazama kilima kile chenye majina mawili.

WALIOFANYA KAZI

Mtu akisoma vitabu vya masetla ataona majina ya mabwana, ya farasi wao, hata ya mbwa wao, lakini majina ya waliong'oa visiki hayapatikani kwa urahisi. Wao walikuwa maelfu: Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, Wakipsigis na Wanandi, Waluhya na Wajaluo, na Wamasai waliokuwa wachungaji. Wengi walikuja na jamaa zao na mbuzi zao, wakapewa kipande cha kulima na mahali pa kuchunga, na kwa malipo ya hayo wakafanya kazi ya bwana. Ndio walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilisema kwamba skwota sharti afanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Sheria ya 1937 ikawapa masetla uwezo wa kuzidisha siku hizo na kupunguza mifugo ya skwota, hata mtu aliyekuja na kundi akabakiwa na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Na kila mwanamume alichukua kipande chake shingoni, ndani ya kikopo cha bati.

Katika mashamba hayo ndimo watu wa makabila mengi walipozoea kusemezana kwa Kiswahili, ingawa kilikuwa Kiswahili cha amri, kilichokatwa mikono na miguu. Mtoto aliyezaliwa huko hakuwa na kwao kwingine alikokujua. Akiulizwa kwao, alitaja jina la bwana wa shamba. Neno hili litukumbushe tunapomwambia jirani yetu, "Rudi kwenu." Wako watu katika bonde hili ambao babu zao walizaliwa hapa, na ng'ombe wa babu zao walipunguzwa hapa, kabla ya kuwapo hati yoyote kwa jina lao.

NGOME YA NJORO

Katika Njoro kuna jengo kubwa la mawe, lenye vyumba 52, liitwalo ngome ya Lord Egerton. Alikuwa Maurice Egerton, Lord Egerton wa Tatton, wa nne. Jengo lilianza mwaka wa 1938, likasimama kwa sababu ya vita, likamalizika 1954. Na mwenyewe akafa mwaka wa 1958. Wageni waendao kulitazama husimuliwa habari za uchumba wake, nao huzipenda. Sisi twaona habari kubwa zaidi ni nyingine. Mwaka wa 1939 Bwana huyo alitoa eka 740 ili pawe na shule ya kilimo, nayo ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Mwaka wa 1950 ikawa chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo watoto na wajukuu wa maskwota husoma huko elimu ya udongo na mifugo, na ngome yenyewe i chini ya chuo hicho. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja imekuwa ya kutazamwa na watoto wa shule, na shamba lililokusudiwa wachache limekuwa la wengi.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipokaribia, masetla wengi waliuza mashamba yao. Serikali ilinunua mengine kwa fedha zilizokopwa Uingereza, ikayakata viwanja vya kuwakalisha watu. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi, ambamo watu wa kawaida walitoa akiba zao kidogo kidogo, wengine wakauza mbuzi wa mwisho, wakapata cheti cha hisa. Mashamba yaliyokuwa ya bwana mmoja yakawa vijiji vyenye shule, makanisa na masoko. Wamasai walitazama mambo hayo kwa uchungu, kwa maana nchi waliyoahidiwa kurudishiwa na historia ilipita mikono kwa mikono bila kufika kwao. Na wale walionunua walishangaa kuambiwa ni wageni, hali wana karatasi na jasho. Hapa ndipo penye fundo la ugomvi wetu, na yeyote alifunguaye na atumie vidole, asitumie panga.

Mashamba mengine makubwa yalibaki. Soysambu ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka wa 2007, yapata eka 48,000. Mwaka wa 2011 maziwa Elmenteita, Nakuru na Bogoria yaliandikwa katika urithi wa dunia, kwa ajili ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, na ndege wengine wengi. Kando ya ziwa Naivasha malisho mengi yamekuwa mashamba ya maua, ambayo yamevuta wafanyakazi kutoka kila upande wa Kenya. Olkaria, mahali pa udongo mwekundu wa morani, tangu mwaka wa 1981 mvuke wa chini ya ardhi unazalisha umeme. Mwaka wa 2019 reli mpya ilifika bondeni, na mwaka wa 2021 Nakuru ikatangazwa kuwa jiji. Mahali pa vumbi pamekuwa jiji, lakini jina la vumbi limebaki.

KAZI YETU SISI

Walimu, twawaomba mfanye jambo hili katika muhula huu. Chagueni alama moja iliyo karibu na shule yenu: kilima, boma la zamani, josho la ng'ombe, stesheni ya reli, jengo la shamba. Watoto waende na daftari, wakaulize maswali manne. La kwanza, mahali hapa paitwaje, na jina ni la lugha gani? La pili, nani aliishi au kuchunga hapa kabla ya wazee wetu? La tatu, nani alifanya kazi hapa, na kwa ujira gani? La nne, nani anaishi hapa sasa, na alifikaje? Wasiwaulize wazee wa kabila moja tu. Mzee wa Kimasai na aulizwe, na mama wa Kikuyu, na mzee wa Kikalenjin, na Mluhya aliyekuwa mkamuaji. Majibu yakipingana, yaandikeni yote mawili, na jina la msemaji kando yake.

Wazazi, msichome karatasi za zamani. Kipande cha babu, cheti cha hisa, risiti ya ushirika, picha ya watu wamesimama mbele ya ghala, vyote hivyo ni alama sawa na mlima. Viwekeni katika sanduku la bati, mahali pasipo mchwa wala maji, na siku moja jioni wakusanyeni watoto mwaonyeshe kimoja kimoja, mkiwaeleza kilitoka wapi. Wazee wanaondoka, na mzee akiondoka na habari zake hakuna duka la kuzinunua.

Na mtoto akiuliza, "Shamba hili lilikuwa la nani?" msimpe tena lile jibu fupi. Mwambieni: kwanza walikuwa watu wa mawe na bao, kisha Wasirikwa, kisha Wamasai na ng'ombe wao, waliohamishwa kwa ahadi isiyotimizwa, kisha Bwana fulani mwenye hati, na pamoja naye waliong'oa visiki, ambao majina yao tunayatafuta, kisha walionunua kwa akiba zao, na sasa wewe na jirani yako. Ni jibu refu, lakini mtoto aliyelishika hatakuwa mwepesi wa kumwambia mwenzake kwamba hana kwao.

Wale watakaokusanya habari kama hizi shuleni kwao, na watuandikie. Tutafurahi kuzisoma.

Wasalaam.